Nusu Kilo

Waliniomba shairi la kufungulia warsha,
beti nne, mizani kumi na sita kila mstari,
la kumuenzi Bi Raya Shaame
aliyeandika programu ya kwanza ya kupima karafuu
tulipokuwa bado tunaifunika kompyuta kwa kanga, isiingie vumbi.
Mimi nilikuwa karani wa mizani, kituo cha Mtambile.
Kuhesabu najua.

Chake Chake, ukumbi wa chuo, saa tatu kasorobo.
Bango limeandikwa RAIA SHAAME.
Kijana kapanda meza, kabandika plasta ya kidonda juu ya I,
kachora Y kwa kalamu ya wino.
"Liache," akasema mwenyewe, "uraia pia ninao."

Wageni wa Unguja wamekuja na boti ya usiku,
wengine wamekaa vitini na bado wanayumba.
Dakta wa kwanza akasoma mada:
jinsi kilobaiti sitini na nne zilivyobeba msimu mzima.
Vishale, visanduku, jedwali.
Wa pili akasema "umaridadi" mara saba.
Nilihesabu.

Bi Raya, mstari wa mbele, miwani imefungwa uzi,
anamenya chungwa, ganda halikatiki.

Kisha ukutani ukatokea msimbo wenyewe,
karatasi ya vitundu pembeni,
mstari wa mia mbili na kumi na nne.
Kisu kikasimama.
"Huo ni uliosahihishwa. Nionyesheni ule wa mwanzo."

Feni tu ndiyo iliyojibu.
Hawakuwa nao. Ninao mimi.

Kilo kumi na mbili na nusu, ikaandika kumi na mbili.
Thelathini na nusu, thelathini.
Haikukosea kwa kelele.
Ilikosea kwa adabu, kila siku, upande mmoja.

Aliyeigundua ni Subira binti Makame, wa Kengeja,
hajui alifu wala be,
ana kamba ya usumba kiunoni:
kila mshale wa mizani ulipotulia
alifunga fundo kwa kilo, kitanzi kwa nusu.
Alikuja na vitanzi kumi na tisa.
"Mashine yenu hii yala."
Nikamwambia, mashine haina kinywa, mama.
"Basi aloiandika anacho."

Niliipeleka barua Wete kwa aibu.
Siku ya tatu Bi Raya akaja, akavua viatu,
akakaa naye jamvini kutwa nzima
akijifunza vifundo,
jioni ndipo alipoigusa kompyuta.
Alama moja. Akaongeza alama moja tu.
Halafu miezi minne, kituo kwa kituo,
na bahasha kwapani, akirudisha nusu nusu;
aliyekufa, alimtafuta mrithi wake.

Nikaikunjua karatasi ile mbele ya madakta.
Pembeni mwa mstari, pale ambapo kompyuta haisomi,
mwandiko wake, wino umekuwa kahawia:
*Kosa langu. Aliyeliona: Subira Makame, Kengeja.*

Mwenyekiti akakohoa. "Sasa hili,
tuliingize wapi katika ripoti?"
"Mwanzo," akasema Bi Raya,
akamkatia kipande cha chungwa.

Nikaitwa kusoma, shairi la ufunguzi
adhuhuri inagonga.
Nilisoma kwa madaha. Ubeti wa tatu nikaupandisha sauti:

*Nusu kilo ni kidogo, kwa asopanda mti*

nikamwona anahesabu kwa vidole,
anarudia, anatabasamu.
Watu wakapiga makofi. Yeye akanivuta kanzu.
"Kumi na tano, Faki. Huo mkarafuu umeuchomoa.
*Asoupanda.* Tia u."

Herufi moja.
Miaka thelathini na tano ya kuhesabu magunia ya watu!
Nikaiazima kalamu ile ya bango,
nikaitia,
na pembeni, pale ambapo msomaji hasomi, nikaandika:
Kosa langu. Aliyeliona: Raya Shaame, Wete.